Mtutu Ulioziba

Afisa wa leseni za silaha alikuwa kijana wa bara, na kosa lake la kwanza lilikuwa kumwita baba yangu "buda", kama vijana wa mjini wanavyowaita wazee wao. La pili lilikuwa kuingiza ufito wa chuma ndani ya mtutu wa bunduki yake. Maafisa waliomtangulia hawakuwahi kufanya hivyo. Miaka yote baba alikuwa akiipeleka bunduki kituoni, wanasoma namba iliyochongwa ubavuni, wanailinganisha na cheti, wanagonga muhuri, naye anarudi nayo nyumbani Bongwe. Huyu aliilaza mezani, akaupitisha ufito kutoka mdomoni mwa mtutu, ukaenda vizuri mpaka karibu na mwisho, kisha ukagoma. Akasukuma tena. Akainama, akachungulia kwa jicho moja.

"Hii imeziba, mzee," alisema. "Kuna kitu huku ndani."

Baba alimjibu kwamba ni kutu. Alimwambia pia kwamba bunduki ile ilikuwa na leseni kabla baba yake afisa hajatahiriwa, na kwamba serikali siku hizi inaajiri watu wasiojua kusalimu. Afisa hakukasirika, na hilo lilimuudhi baba zaidi. Alieleza kwa upole kwamba silaha iliyoziba inaweza kumpasukia mtu usoni, na kwamba sheria inampa mwenye nayo njia mbili: ama abadilishiwe mtutu na fundi mwenye kibali na alete hati kwamba imejaribiwa, ama aikabidhi ikateketezwe.

Nilikuwa nimeketi katikati yao. Mimi ndiye niliyemleta baba kwa tuktuk kutoka nyumbani, kwa sababu magoti yake hayakubali tena kutembea mbali. Tukiwa njiani kurudi aliniambia kosa lilikuwa langu, eti nilimwitikia yule kijana kwa adabu mno mpaka akapata kichwa.

Ndivyo baba alivyo. Mama alipokuwa hai alitukingia ulimi wake, na alipofariki mimi ndiye niliyebaki karibu. Ninasimamia chumba cha kufulia katika hoteli moja huko Diani, ninarudi jioni mikono ikinuka sabuni, ninampikia, ananiambia chumvi imezidi. Kaka yangu anaishi Nairobi na hupiga simu siku za sikukuu. Nilipomweleza habari za afisa alisema, bila hata kufikiri, tuipeleke polisi yaishe. Nikamwambia aje amwambie baba maneno hayo mwenyewe. Akasema simu yake inaisha chaji.

Bunduki yenyewe si ya kawaida. Baba alikuwa mlinzi wa shamba la miwa la Mzungu mmoja, na yule Mzungu alipouza mali yake na kuondoka nchini, alimpitishia baba ile bunduki kisheria, kwa karatasi zote. Ilikuwa ya kizamani hata wakati huo. Chini ya kifyatulio ina mkono wa chuma uliopinda kama kishikio cha jagi. Unaushusha, ganda tupu linaruka nje. Unaurudisha, risasi nyingine inaingia mahali pake. Mbao za kitako zimelika pale baba alipozoea kushika. Ndani ya nyumba yetu ilikuwa na kitanda bora kuliko sisi, sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti sakafuni chumbani mwa baba, ufunguo ukiwa umefundikwa kwenye ncha ya shuka yake. Niliichukia tangu utoto. Nilipomwona yule afisa akiukunja uso kwa kuchungulia, moyo wangu ulifurahi.

Lakini baba hakutaka hata kusikia habari ya kuikabidhi, na kila mtu wa rika langu pale Bongwe angeweza kukuambia kwa nini.

Nilikuwa darasa la pili. Tulikuwa na shamba la juu, karibu na msitu wa Shimba, na tembo walikuwa wakishuka kula mahindi yetu kila yanapokaribia kukomaa. Baba alilinda pamoja na mdogo wake, baba mdogo wangu, kijana aliyekuwa na mke na mtoto mmoja wa kiume. Baba alibeba bunduki, baba mdogo alibeba debe la kugonga. Asubuhi moja, jua limekwishatoka, tembo jike mwenye ndama alikuwa bado hajarudi msituni. Baba mdogo alimkuta ghafla kwenye mihogo, na hakuwahi hata kuligonga lile debe.

Baba alisema siku ileile, na akaendelea kusema miaka yote, kwamba alilenga na akafyatua, na bunduki ikatoa sauti ndogo kama mtu anayetema kokwa. Akashusha mkono wa chuma apakie risasi ya pili, ikagoma kuingia. Basi. Watu wa mashamba ya jirani walisema hawakusikia mlio wowote. Walimsikia tembo, wakamsikia baba mdogo, halafu hawakusikia kitu.

Nilichokiona kwa macho yangu ni baba akija mbio barabarani kuelekea nyumbani, bunduki mkononi, ndara moja mguuni, mguu wa pili mtupu.

Siku ya matanga mama mdogo, mke wa marehemu, alitoka chumbani alikokuwa amekaa na wanawake, akasimama mlangoni mbele ya wanaume wote, jambo ambalo mjane hafanyi. Alisema mume wake alikwenda shamba na mwanamume aliyebeba fimbo ya chuma. Hakusema zaidi ya hapo. Alirudi ndani akakaa eda yake, na eda ilipokwisha alimchukua mwanawe akahamia Waa kwa wazazi wake. Lile neno lilibaki kwetu. Watoto wa chuo cha Kurani waliniita binti wa mwenye fimbo. Mama alipokwenda bombani kuchota maji, wenzake walimwachia nafasi kubwa kuliko iliyohitajika. Kwenye arusi na maziko pande mbili za ukoo wetu zilikaa mbalimbali, na mama alipofariki, mama mdogo alikuja, akaketi na wanawake, hakugusa chakula, akaondoka bila kumpa baba pole.

Kwa hiyo bunduki ile haikuwa ya kukabidhiwa. Kuikabidhi kungekuwa sawa na kukiri kwamba alibeba fimbo tu.

Fundi tulimpata Mombasa, mzee mmoja mnene mwenye kibali, karakana yake ikiwa nyuma ya duka la vifaa vya uvuvi. Hakuitaka kazi yetu. Aliigeuza bunduki, akaushusha mkono wa chuma na kuurudisha, akasema kitu kama kile kazi yake ni kutundikwa ukutani ili wageni waulize maswali. Baba alimwambia kwamba hakuvuka feri kuja kuulizwa maoni. Walitukanana kwa muda kidogo, kila mmoja akimwita mwenzake "sheikh" kwa sauti isiyo ya heshima hata chembe. Hatimaye fundi alisema ataangalia kama atapata mtutu wa bunduki ya aina ileile, kwa maana mipya haiji tena.

Aliupata baada ya muda mrefu. Alipotuita, baba aliushika ule mtutu mwingine, akaunusa, akauliza ulitoka kwenye bunduki ya nani. Fundi akamjibu kwamba mwenyewe amekufa.

"Alikufaje?" baba akauliza.

"Kitandani mwake. Wataka na jina la daktari?"

Baba alitaka kukaa aone kazi ikifanywa. Fundi hakupenda, lakini alichoka kubishana, akamsukumia kigoda. Mimi nilisimama mlangoni kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi.

Kwanza fundi alizitoa mbao, kitako na kile kipande cha chini ya mtutu, kisha bomba jembamba linalobeba risasi. Kilichobaki kilikuwa chuma kitupu, chembamba, cha kusikitisha, kama kuku aliyenyonyolewa. Aliubana mtutu kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya mbao ngumu ili usikwaruzike, akafunga spana ya chuma yenye mpini mrefu kwenye mwili wa bunduki. Mtutu huingia mwilini kwa hesi, kama bomba la maji, ila hesi hizo zilikuwa zimekaa bila kuguswa tangu zilipofungwa kiwandani. Alimimina mafuta, akangoja, akapasha moto kidogo, akavuta. Hazikulegea. Alivuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Baba alimwambia kwamba anavuta kama mwanamke mwenye mimba. Fundi aliutegemea mpini kwa uzito wake wote, na chuma kikalia kwa mlio mkali ulionifanya nishike mwimo wa mlango. Mtutu ulikuwa umeachia.

Aliufungua wote kwa mkono, taratibu, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Hakuona mwanga upande wa pili. Akatumbukiza ufito wa shaba, akapima kwa kidole mahali ulipogomea, akaweka alama kwa chaki. Kisha akamtazama baba kwa namna tofauti na alivyokuwa akimtazama tangu mwanzo.

"Bunduki hii iliwahi kukukatalia?" aliuliza.

 Baba alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono yote miwili.

Fundi alisema mtutu ule ni chuma chakavu sasa, na kisheria lazima ukatwe mbele ya mwenyewe usitumike tena, kwa hiyo hakuna ubaya akianza kukata pale penye alama. Alikata kipande kifupi, kama urefu wa kiganja, kisha akakichana ubavu kwa msumeno mwembamba, akilainisha kwa mafuta. Alipomaliza alikifuta kwa tambara, akakisogeza chini ya taa.

Risasi ilikuwamo. Ilikuwa imekaa ndani ya chuma kama mbegu ndani ya ganda, ncha yake ikielekea mdomoni mwa mtutu, mviringo wake haujabonyea popote. Fundi alituonyesha kwa ncha ya bisibisi jinsi kitako cha ile risasi kilivyokuwa cheusi kwa moshi, na jinsi mifereji ya ndani ya mtutu ilivyokuwa imeikwaruza ubavuni. Alisema ilifyatuliwa. Baruti yake ama ilikuwa imelowa ama haikuwamo kabisa, ikawaka fataki ya nyuma peke yake, ikaisukuma risasi kidogo ikaishia pale. Mlio wake, alisema, hauwezi kuwa mkubwa. Na risasi ya pili isingeweza kuingia, kwa sababu njia imezibwa.

"Na uishukuru hiyo ya pili kwa kutoingia," alimwambia baba. "Ingeingia, ungekuwa umekufa wewe."

Baba aliinuka, akatoka hadi kwenye baraza ya duka. Nilimfuata. Alikuwa amesimama akitazama barabara, mdomo wake ukienda kama mtu anayetafuna. Nilidhani atalia. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini hakuwahi kumpa mtu auangalie mtutu ule, miaka yote ile, wakati jibu lilikuwa pale pale chumbani mwake.

"Na kama wangeukuta mtupu?" alisema.

Sikumwelewa mara moja.  Watu walikuwa wamemwambia mara nyingi kwamba hakufyatua, mpaka yeye mwenyewe akawa hana hakika, na akaona afadhali kuilinda bunduki kuliko kuichungulia.

Nilirudi ndani nikamwomba fundi kile kipande. Aliuliza mwenye bunduki anasemaje. Nikasema mwenye bunduki hasemi kitu. Akanifungia kwenye gazeti.

Kazi ya kuufunga mtutu wa pili ilikuwa bado, kwa sababu hesi zake zilihitaji kulinganishwa na mwili wa bunduki, na fundi alikuwa na kazi nyingine. Katika siku hizo za kungoja niliomba ruhusa hotelini, nikakitia kile kipande ndani ya mkoba, nikaenda Waa. Sikumwambia baba. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba ninakwenda kumaliza jambo. Njiani nilipanga maneno, nikayapangua, nikayapanga tena. Nilimwona akilini mama mdogo akilia, nikajiona na mimi nikilia.

Nyumba yao iko mbali kidogo na barabara kuu, ya matofali, na mbele yake kuna kibanda ambapo mwanawe anauza mbolea na dawa za mimea. Yeye na mimi tuna umri unaokaribiana. Tulicheza pamoja kabla ya ile asubuhi, na tangu hapo alikuwa akinipita njiani kama mti. Alinitazama nikija na hakuinuka. Nilimsalimu, akaitikia kwa kidevu. Nikamwambia nina jambo la kumwonyesha mama.

Mama mdogo alikuwa uani anapepeta kunde. Amezeeka, lakini mgongo wake haujainama.

"Shikamoo, mama mdogo."

Hakuitika. Aliendelea kupepeta. Nilikaa kwenye ukingo wa baraza bila kukaribishwa, nikafungua gazeti, nikakiweka kile kipande juu ya mkeka mbele yake. Nilieleza yote, kuanzia kwa afisa mpaka kwa fundi, moshi ule mweusi, mikwaruzo, risasi ya pili iliyokosa njia. Nilijisikia ninaongea haraka mno. Mwanawe alikuwa amekuja akasimama nyuma yangu.

Yeye ndiye aliyesema kwanza. Alisema yeyote mwenye nyundo anaweza kutumbukiza kipande cha risasi ndani ya bomba, na kwamba kama baba yangu amepata mtu wa Mombasa wa kumtengenezea ushahidi uzeeni, basi ni heri yake, lakini wao si wajinga. Nikaanza kumweleza kwamba risasi iliyogongwa kwa nyundo ingebonyea ncha. Mama mdogo aliinua mkono akatunyamazisha wote.

Aliweka ungo chini. Alikichukua kile kipande, akakileta karibu na macho, akaipitisha ncha ya kidole juu ya risasi, akakigeuza, akakipima uzito. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Nilianza kuona matumaini.

"Basi alifyatua," alisema.

Nikasema ndiyo, mama mdogo, alifyatua.

"Mimi naamini. Bunduki ilimkwama." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Na miguu? Miguu mbona haikumkwama?"

Nilikitazama kile kipande mkononi mwake.

"Watu wa mashamba ya kule ndio walioniokotea mume wangu," alisema. "Waliniambia alikuwa bado hai walipofika. Alikuwa akimwita kaka yake kwa sauti ya chini. Kaka yake wakati huo alikuwa barabarani. Wewe ulimwona. Ulikuwa umesimama mbele ya nyumba yenu na sare ya shule, ulimwona akija. Sikuwahi kusema neno lolote kuhusu bunduki ila lile moja. Nyinyi ndio mliofanya ikawa habari ya bunduki, kwa sababu bunduki ni rahisi kuitetea."

Ni kweli nilimwona. Ile ndara moja nilikuwa nimeibeba akilini maisha yangu yote, na sikuwahi hata mara moja kujiuliza alikuwa akikimbia kutoka kwa nani. Nilikuwa nikijua anakimbia tembo. Sikuwahi kuongeza kwamba alikuwa akimwacha mtu.

Nikainuka nikaomba radhi kwa kuwasumbua. Niliponyosha mkono kukichukua kile kipande, mama mdogo alikuwa ameshakifunika kwa upindo wa leso yake, naye akaurudia ungo. Mwanawe alinisindikiza mpaka mbele, si kwa ukarimu, ila kuhakikisha nimeondoka. Aliniambia nisirudi.

Baba alikuwa ameshapata habari kabla sijafika Bongwe. Binamu yangu, yule mwana wa mama mdogo, alikuwa amempigia simu, na kwa namna baba alivyokuwa anapumua nilijua hawakuambiana mema. Nilimkuta sebuleni, fimbo yake ya kutembelea mapajani.

Aliuliza ni nani aliyenituma. Alisema niliuchukua ukweli wake nikaenda kuombaomba nao mlangoni mwa watu, kama mchuuzi wa samaki. Alisema aliwaambia kwa kinywa chake siku ileile, na kinywa cha mtu kinatosha kwa ndugu zake, na kama hakikutosha wakati huo basi hakuna chuma kitakachotosha sasa. Alisema mengine ambayo sitayaandika, kuhusu mimi na ndoa yangu iliyovunjika. Nilimwacha amalize. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira ya safari nzima kutoka Waa.

Nikamwambia alichosema mama mdogo, neno kwa neno. Nikamwambia na la mdogo wake kumwita.

Sikujua kwamba baba hakuwa akilijua hilo. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sijaiona tena, kama vile mtu amemshika kwa nyuma. Kisha ukarudi ulivyokuwa.

"Wewe ungesimama?" aliniuliza.

"Sijui, baba."

"Basi nyamaza."

 Tulikaa wiki kadhaa hivyo, nikimpikia na yeye akila bila hata kusema chumvi imezidi. Nilitamani aseme. Kaka yangu alipopiga simu kuuliza ile habari ya polisi imefikia wapi, nilimkatia.

Fundi alipomaliza, alitaka tuende naye mahali pa kulengea shabaha anapojaribia silaha, nje ya mji, kwa sababu hati haiwezi kutolewa bila hivyo. Nilimpeleka baba. Bunduki ilionekana ngeni, mtutu mweusi uking'aa juu ya mbao zilizochakaa. Fundi aliifunga kwanza kwenye meza nzito, akafyatua kwa kamba akiwa amejificha pembeni, akaichunguza, akarudia. Kisha akaishika mwenyewe akapiga mara kadhaa kwenye tuta la mchanga. Kila mlio ulinipiga kifuani. Baba alikuwa amesimama nyuma yake bila kuziba masikio.

Fundi alisema kazi imekwisha. Halafu, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndiye aliyeiona ile risasi pamoja nasi, akapakia moja tu akampa baba, akasimama karibu yake mkono tayari.

Baba aliiweka begani. Alilenga kwa utulivu. Alifyatua. Mchanga uliruka kwenye tuta. Bega lake lilirudi nyuma, fundi akamshika mgongo. Baba aliushusha mkono wa chuma, ganda likaruka, akaurudisha, akavuta kifyatulio. Hapakuwa na risasi nyingine ndani, kikalia kwa ukavu. Akaushusha tena, akaurudisha, akavuta. Tena. Tena. Fundi alimwambia mzee, imekwisha, hakuna kitu humo. Baba aliendelea, macho yakiwa kwenye lile tuta, mpaka fundi akamfungua vidole kimoja baada ya kingine akaichukua bunduki.

 Yule afisa wa bara alipokea hati, akaupitisha ufito wake, ukatokea upande wa pili, akagonga muhuri. Alimtakia baba siku njema na baba hakumjibu.

Sasa bunduki iko ndani ya sanduku lake. Baba huitoa na kuisafisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na siku akiisafisha huwa mkali kuliko kawaida. Siku moja baada ya swala ya Ijumaa aliniita akaniambia niende Waa nikakichukue kile kipande cha mtutu wa zamani. Alisema ni mali yake, kimeandikwa kwenye leseni yake, na hakuna mtu aliyempa yule mwanamke ruhusa ya kukiweka. Nilimwambia niliambiwa nisirudi. Akasema hilo lilisemwa na mtoto.

Nilikwenda, nikiwa na hofu. Binamu yangu hakuwapo. Mama mdogo alinipokea palepale uani, na safari hii aliniitikia shikamoo, kwa ukavu, kama mtu anayemaliza jambo la lazima. Nilipomwambia nilichotumwa, alifikiri kidogo.

"Mwambie aje akichukue mwenyewe," alisema. "Akija nitampa. Akikutuma wewe tena nitakitupa chooni."

Nilimfikishia baba maneno hayo kama yalivyo. Aliniuliza kama alisema kwa hasira au kwa utulivu. Nikamwambia kwa utulivu. Aligeuza uso ukutani, akasema yule mwanamke amekuwa na kiburi tangu arusi yake, na kwamba kutoka hapa mpaka Waa ni mbali kwa mtu mwenye magoti mabovu. Nilimwambia tuktuk ipo, wakati wowote atakapotaka.

Hajasema atataka lini. Nami simuulizi.